Mzazi Akiwa Kwenye Dawa za Saratani: Tumbo Lisipuuzwe

JAMAA wanapoambiwa kwamba baba au mama ataanza kutiwa dawa za saratani, jambo la kwanza wanalofikiria ni nywele. Mabinti hununua vilemba, wana wa kiume humtafutia mzee kofia, na majirani huonywa mapema wasishtuke. Ni nadra sana kusikia mtu akiuliza kuhusu tumbo. Ilhali tumbo ndilo huwarudisha wazee wengi hospitalini usiku wa manane, wakiwa wamelegea, midomo imekauka na miguu haiwezi kuwabeba.

Makala haya yanakuhusu wewe uliye mtoto, mkaza mwana au mjukuu, unayemwuguza mzazi nyumbani baada ya dripu au mionzi. Daktari wa saratani humwona mgonjwa mara moja kwa majuma mawili au matatu. Siku nyingine zote, daktari ni wewe. Kwa hivyo ni vyema ujue ni nini kinachotokea ndani ya tumbo la mzazi wako, ni nini unachoweza kufanya kwa mikono yako mwenyewe, na ni wakati gani inakupasa kuita gari.

Kwa nini tumbo?

Seli za saratani huzaana kwa kasi. Dawa nyingi za kemikali, zile ambazo wengi wetu huziita kemo, zimetengenezwa ili kuua seli zinazogawanyika haraka. Tatizo ni kwamba dawa hizi haziwezi kutofautisha adui na rafiki. Mwilini mna seli njema ambazo pia huzaana upesi: za mizizi ya nywele, za uboho unaotengeneza damu, na za utando laini uliotanda kutoka kinywani hadi kwenye utumbo. Utando wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku tatu hadi tano hivi. Kemo ikipita, seli kuukuu hufa na mpya hazizaliwi kwa wakati. Utumbo hubaki kama ukuta uliobanduka plasta. Maji hayafyonzwi, chakula hakisagwi vyema, na mgonjwa huanza kuharisha. Kinywani, upungufu huo huo huleta vidonda.

Kutapika kuna njia yake. Dawa huchokoza seli za utumbo zitoe kemikali ambayo huupelekea ubongo habari kwamba mwili umekula sumu. Ubongo nao huamuru sumu hiyo itolewe. Ndiyo sababu mgonjwa anaweza kutapika hata kama hajala kitu.

Si dawa zote zilizo sawa. Fluorourasili, dawa iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1950 na ambayo bado inatumika sana kwa saratani ya utumbo mpana na tumbo, hupenda kuleta kuharisha na vidonda vya kinywa. Kapesitabini ni vidonge ambavyo vikifika mwilini hugeuka kuwa dawa hiyo hiyo. Irinotekani inajulikana kwa kuharisha kukali. Vinkristini, kwa upande wake, hufunga choo. Mionzi inayoelekezwa kwenye nyonga, kama kwa mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, huanza kusumbua tumbo katika juma la pili au la tatu. Na mionzi ya umio, saratani ambayo inawapata watu wengi hasa magharibi mwa Bonde la Ufa, huleta maumivu makali wakati wa kumeza.

Jifunze kalenda ya mwili

Jambo linalowapotosha watu wengi ni kwamba taabu haiji siku ya dripu. Mzee anatiwa dawa Jumatatu mjini Eldoret au Nairobi. Jumanne anapanda matatu kurudi nyumbani, akiwa na nguvu za kutosha kuulizia ng'ombe wake. Kila mtu anashukuru. Kisha juma la pili, kilomita mia mbili kutoka hospitali ile, tumbo linafunguka kama bomba lililopasuka.

Kwa kawaida, kichefuchefu na kutapika huja katika siku ya kwanza na huweza kuendelea hadi siku ya tano. Vidonda vya kinywa na kuharisha mara nyingi huanza siku ya tano au baadaye. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, kwa dawa nyingi, chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili huwa chini kabisa. Hapo ndipo hatari ilipo: utumbo uliochubuka huwapa viini mlango wa kuingia kwenye damu, na askari wa kuwazuia hawapo. Tia alama kwenye kalenda ya ukutani siku ya dripu na siku hizi za hatari, ili hata shemeji aliyekuja kusaidia ajue.

Kuharisha

Kwanza, hesabu. Usimwulize mama, "Unaendeleaje?" Atakujibu, "Niko sawa tu, mwanangu," kwa kuwa hataki kukuongezea mzigo. Mwulize, "Mama, tangu asubuhi umeenda haja mara ngapi? Usiku umeamka mara ngapi?" Andika kwenye daftari. Kinachohesabiwa ni mara zilizozidi kawaida yake. Aliyezoea kwenda mara moja kwa siku na sasa anaenda mara tano, amezidisha nne. Huo ni wakati wa kumpigia daktari simu siku hiyo hiyo. Akizidisha mara saba au zaidi, asingoje, anahitaji hospitali.

Pili, rudisha maji. Mgonjwa anayeharisha hauawi na choo, huuawa na ukosefu wa maji na chumvi. Tumia pakiti za chumvi na sukari za kuzuia upungufu wa maji, zile zile wanazopewa watoto kwenye zahanati. Soma maandishi ya pakiti, kwani nyingine huchanganywa katika nusu lita na nyingine katika lita nzima. Usipokuwa nazo, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, visiwe na kilima. Ampe mwili gilasi moja kila baada ya kuharisha, kwa kumeza kidogo kidogo. Aongeze supu isiyo na mafuta, uji mwepesi wa mchele au maji ya madafu. Mgonjwa wa moyo au figo aulizie daktari wake kiasi kinachomfaa.

Tatu, dawa. Loperamaidi ndiyo dawa ya kawaida ya kuzuia kuharisha kunakoletwa na kemo. Mtu mzima huanza na miligramu 4, yaani vidonge viwili, kisha kimoja kila baada ya choo chepesi, asipite miligramu 16 kwa siku ila kwa maagizo ya daktari. Wanaotumia irinotekani mara nyingi hupewa maagizo tofauti na makali zaidi. Fuateni yale mliyoandikiwa. Lakini kama kuna homa au damu kwenye choo, msianze loperamaidi nyumbani. Nendeni hospitali.

Kama mzazi anameza kapesitabini na ameanza kuharisha mara nne zaidi ya kawaida, au anaamshwa usiku na tumbo, asimeze dozi inayofuata kabla hamjazungumza na daktari. Najua jambo hili ni gumu. Dawa imenunuliwa kwa harambee, na mzee anaona kwamba kuacha kidonge ni kumpa saratani nafasi. Mweleze kwamba kusimama siku chache kwa ushauri wa daktari ni sehemu ya matibabu. Kuendelea kumeza huku tumbo likimwagika kunaweza kumwua kabla ya saratani.

Wapo pia watu wachache ambao miili yao haina kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja fluorourasili na kapesitabini. Kwao, dozi ya kawaida ni kama dozi kubwa mno. Mgonjwa akiharisha vibaya na kujaa vidonda kinywani katika siku za mwanzo za mzunguko wa kwanza, daktari aambiwe mara moja, na asipewe tena dawa hiyo kabla hajachunguzwa.

Usikimbilie dukani kununua metronidazoli, kama wengi wetu tunavyozoea kila tumbo linapouma. Haitengenezi utando uliokufa, na ikichanganyika na fluorourasili inaweza kuzidisha sumu yake. Vivyo hivyo dawa za miti shamba zenye shubiri, ambazo zenyewe huendesha tumbo. Mtu anayekuletea chupa ya mitishamba ana nia njema. Mshukuru, uiweke kando, umwonyeshe daktari kwanza.

Chakula kiwe chepesi na kidogo, mara tano au sita kwa siku: wali laini, ndizi mbivu, viazi vilivyopondwa, ugali laini, mkate mweupe, kuku au samaki aliyechemshwa, mayai yaliyoiva kabisa. Kwa siku hizi chache, githeri, maharagwe, sukuma wiki, kachumbari, pilipili, vyakula vya mafuta na chai ya rangi nzito viwekwe kando. Maziwa pia yanaweza kumsumbua, kwa kuwa utumbo uliochubuka hushindwa kusaga sukari iliyomo. Maziwa mabichi yasiyochemshwa asipewe kabisa wakati wote wa matibabu.

Kutapika

Dawa za kuzuia kutapika, kama vile ondansetroni, deksamethasoni na metoklopramaidi, hufanya kazi vyema zikitangulia. Wengi huziweka mfukoni wakisubiri mgonjwa atapike, kisha hulalamika kwamba hazifai. Zimezwe kwa saa zilizoandikwa, hata kama mzee anajisikia vizuri. Kama amemeza zote kama ipasavyo na bado anatapika, rudini kwa daktari; ziko nyingine, na mchanganyiko unaweza kubadilishwa kabla ya dripu ijayo. Msikubali kuambiwa kwamba hakuna la kufanya.

Akishatapika, apumzike kama nusu saa. Kisha mpe kijiko kimoja cha maji kila baada ya dakika chache, ukiongeza polepole. Chakula kilichopoa hunuka kidogo kuliko cha moto, kwa hivyo pika mbali na anapolala. Chai ya tangawizi huwatuliza baadhi ya wagonjwa. Usimlazimishe kula chakula akipendacho siku ya dripu. Akikitapika huenda asikitamani tena kwa miezi.

Choo kigumu

Watu husahau kwamba dawa hizi pia hufunga tumbo. Ondansetroni hufanya hivyo, vinkristini hufanya hivyo, na mofini ya maumivu hufanya hivyo karibu kwa kila anayeimeza. Mzazi anayepewa mofini apewe pia dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, isipokuwa kama anaharisha. Anywe maji, atembee uani akiweza, ale papai. Zikipita siku tatu bila choo, mwone daktari. Usimtie bomba la sabuni wala dawa ya kuingiza njia ya haja kubwa nyumbani, kwa sababu mkwaruzo mdogo huko chini unaweza kuleta maambukizi makubwa kwake.

Mara nyingine choo kigumu hujificha nyuma ya maji. Mgonjwa hakwenda haja siku tano, kisha anaanza kutokwa na majimaji kidogo kidogo na tumbo limejaa. Huko si kuharisha kwa kawaida, na loperamaidi itaongeza ubaya. Daftari lako la hesabu ndilo litakalomwonyesha daktari tofauti.

Vidonda vya kinywa

Asukutue mara nne au zaidi kwa siku kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yakiwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi na nusu kijiko cha soda ya kuokea. Atumie mswaki laini sana. Dawa za kusukutua zenye pombe, ndimu na pilipili zitamchoma. Ukiona utando mweupe ulimini, huenda ni ukungu unaohitaji dawa yake. Akishindwa kumeza hata maji, hilo si la kungoja kliniki ijayo.

Dalili za kumpeleka hospitali mara moja

Zinakili dalili hizi na uzibandike mlangoni:

- Homa ya digrii 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi, hata kama ni usiku. Nunua kipimajoto. Pima kabla ya kumpa dawa yoyote ya maumivu, kwa maana paracetamoli huificha homa.
- Damu kwenye choo au matapishi, au choo cheusi kama lami.
- Kuharisha mara saba au zaidi kuliko kawaida, au kuharisha kusikopungua baada ya siku moja ya dawa.
- Kutapika kila anachokunywa kwa siku nzima.
- Kutopata haja ndogo kwa saa nane, au mkojo kidogo uliokoza rangi.
- Kizunguzungu anaposimama, kuchanganyikiwa, au usingizi usio wa kawaida.
- Maumivu makali ya tumbo, au tumbo lililovimba na kukaza.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Wazazi wetu wengi wana shinikizo la damu au kisukari. Dawa za kupunguza maji mwilini, baadhi ya dawa za shinikizo, na metiformini zinaweza kuumiza figo au kuleta hatari nyingine mwili ukikauka. Mzee akianza kuharisha au kutapika sana, piga simu siku hiyo uulize zipi zisimamishwe kwa muda. Na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki asizitumie kabisa wakati huo.

Ukifika katika hospitali iliyo karibu, neno lako la kwanza liwe: "Mzee huyu yuko kwenye dawa za saratani. Dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani." Mhudumu asiyejua hilo anaweza kudhani ni malaria au tumbo la kawaida na kuwaacha kwenye foleni. Homa ya mgonjwa wa kemo inahitaji dawa za viini kwa njia ya mshipa bila kuchelewa. Beba karatasi yenye majina ya dawa zake zote na nambari ya simu ya kliniki inayomtibu.

Usafi na heshima

Kwa siku mbili baada ya dripu, mabaki ya dawa hutoka kwenye mkojo, choo na matapishi. Vaa glavu unaposafisha, nawa mikono kwa sabuni, na fua nguo zilizochafuka peke yake. Mwanamke mjamzito asiifanye kazi hiyo. Choo cha shimo kifunikwe. Cha kuvuta maji kivutwe mara mbili. Usiku, mwekee ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, kwani wazee wengi huanguka wakikimbilia choo gizani. Ngozi iliyochomwa na kuharisha ioshwe kwa maji ya vuguvugu, ikaushwe kwa kuguswaguswa, kisha ipakwe mafuta mazito ya kuikinga. Kama anapokea mionzi ya nyonga, waulize kwanza wahudumu wa mionzi ni mafuta gani yanayofaa.

Lililo zito kuliko yote haya ni aibu. Mzee aliyewalea, aliyewaadhibu, aliyekuwa akisikika akikohoa mkaondoka kwenye kiti chake, sasa amechafua shuka. Nimewaona akina baba wanaoacha kula ili wasiende choo mbele ya wakaza wana zao, na akina mama wanaoficha nguo chini ya kitanda. Hao ndio wanaofika hospitalini wakiwa wamechelewa. Kwa hivyo, kabla ya dripu ya kwanza, keti naye faraghani umwulize: "Baba, ukizidiwa, ungependa nani akusaidie?" Pengine atamtaja ndugu yake, mjukuu wa kiume au jirani wa rika lake. Yeyote atakayemtaja, mheshimu uchaguzi wake. Vitambaa vya kuvaa vya watu wazima vinauzwa kwenye maduka ya dawa. Mpelekee bila maneno mengi.

Na kama mzazi atasema kwamba amechoka na hataki dripu nyingine, usimkemee wala usimfiche daktari. Mara nyingi anachokikataa si matibabu bali mateso ya tumbo. Daktari anaweza kupunguza dozi, kuahirisha mzunguko au kubadilisha dawa, na kupunguza dozi si kushindwa. Hospitali nyingi kubwa zina kitengo cha tiba shufaa, na Nairobi Hospice imekuwa ikiwahudumia wagonjwa tangu mwaka wa 1990. Huduma hizi si za wanaokata roho peke yao. Mgonjwa anaweza kuzipata huku akiendelea na kemo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoka hospitalini

Usikubali kuondoka bila majibu ya maswali haya. Dawa hizi zitamsumbua tumbo vipi, na siku gani? Tumepewa dawa ya kuharisha na ya kutapika, au tununue wapi? Tumpigie nani simu usiku na siku za mapumziko? Ni hospitali gani iliyo karibu na kwetu inayoweza kumtia maji na dawa za viini? Ni dawa gani za zamani asimamishe akiugua tumbo? Ulizia pia mapema kama bima yenu, iwe ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024 au ya kampuni, imelipiwa na inafanya kazi katika hospitali hiyo ya karibu. Usiku wa dharura si wakati wa kugundua kwamba haijalipiwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuharisha mara nne leo ni ufa. Pakiti ya chumvi, vidonge vichache na simu moja vinaweza kuuziba. Nunua leo daftari, kipimajoto na pakiti tano za chumvi na sukari, uviweke penye mwanga karibu na kitanda cha mzazi wako. Na kesho asubuhi, baada ya kumwamkia, mwulize mara ngapi.